Nkate wa Bi Malak

Tangu alipoolewa, Bi Malak hakuligusa neno mkate. Mkate wa aina yoyote kwake ulikuwa boflo: wa ufuta boflo, wa mayai boflo, hata wa kumimina, ambao Walthamstow nzima, mtaa wao huku kwa Waingereza, hakuna anayemshinda kuupika, aliuita boflo la mchele. Watu walidhani ni uzee. Uzee gani, na alianza angali na meno yote?

Sababu ilikuwa wifi yake, Bi Mardhiya. Malak aliletwa bi harusi kutoka Konde, Pemba, mpaka nyumba ya mjini Unguja, na asubuhi ya kwanza, kwa njaa yake, akaomba nkate. Mardhiya akacheka mpaka akashika mlango. Akawaita majirani, akainua sahani juu. "Wataka nini, bi harusi? Hebu sema tena wakusikie." Akasema tena, masikini, na nyumba ikacheka tena. Basi Malak akakifungia Kipemba chake, akajifunza kusema kama watu wa mjini. Hata mwanawe Mansour hakupata kumsikia mamake akisema kwa ulimi wake.

Sasa binti wa Mansour, Ghalia, kapata mchumba: Ziyad, muuguzi, kijana wa Kizanzibari aliyezaliwa Liverpool. Tatizo ni kuwa Mansour hakati neno la ndoa bila ya shangazi yake, na shangazi alishamsikia kijana kwenye simu. Kiingereza kile, alisema Bi Mardhiya, ni cha wapakuzi wa bandarini. Kiingereza ni kile cha taarifa ya habari. Yeye mwenyewe akimsemesha dereva wa basi, dereva humwomba arudie mara mbili, lakini hilo, asema, ni kwa kuwa madereva wa siku hizi hawakusoma.

Ghalia alimlilia bibi yake, kwa Kiingereza kama kawaida yake, na Bi Malak akamwahidi kuwa huyo mume hatampoteza. Atafanyaje, hakujua. Akakoroga unga wa mchele.

Jumapili Ziyad akaja kuonekana. Bi Mardhiya naye akaja kutoka Queensbury, kajifukiza udi, akakaa kiti cha katikati na kuanza kumhoji kwa Kiingereza. Kijana akajibu kwa adabu. Ila watu wa Liverpool k zao huzitoa kooni: kitabu kwao ni "buukh", kuku ni "chikhin". Nawe umjue Bi Mardhiya: huyu ndiye asemaye "khabari" na "khamsini" kwa kujikaza mishipa ya shingo, ili watu wakumbuke kuwa babu yake ni wa Maskati. Khe anayoihangaikia yeye, kijana anayo bure. Wala haikumpendeza.

Akamgeukia Mansour kwa Kiswahili, akijua watoto wa huku hawakisikii. "Huyu ana mwiba kooni. Atatuzalia watoto wa kukohoa. Mrudishe."

Mansour akashusha macho. Ghalia akamtazama bibi yake. Bi Malak, kisu mkononi, alikuwa ndiyo kwanza anakata boflo lake la mchele.

"Mwiba sina, shangazi," akasema Ziyad, kwa Kiswahili. "Bibi, naomba nkate. Mamangu hunipikia huu huu. Yeye ntu wa Konde."

Bi Mardhiya akacheka mpaka akashika kiti. Kicheko kile kile. Kiingereza kibovu, akasema, na Kiswahili kibovu zaidi.

"Wacheka nini, wifi?" Bi Malak hakupandisha sauti. "Ni nkate. Hata miye nasema nkate. Na nkate huu ndio unaokutoa Queensbury kila Jumapili, wabadilisha treni."

Mansour akamtazama mamake kama mgeni aliyeingia sasa hivi na sanduku lake.

"Mama, ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo. Ulimi huu ndio uliokuvyaa, mwanangu. Ukimrudisha huyu ntoto kwa ulimi wake, basi nrudishe na miye."

Mansour akajifuta uso. Kisha akamwambia shangazi yake, kwa heshima zote, kuwa hili la leo atalikata mwenyewe, na akamwambia Ziyad awalete wazee wake. Ghalia akamrukia bibi yake shingoni, kisu kingali mkononi.

Wakala. Bi Mardhiya naye akala, tena haraka, na kipande kilipokwisha akanyoosha mkono.

"Nipe kingine, Malak."

Bi Malak akainua sahani juu. "Kingine cha nini, wifi?"

"Cha hicho hicho."

"Hicho nini? Hebu sema wakusikie."

Bi Mardhiya akatazama sahani, iliki inamnukia mpaka machoni. Akatazama mlango. Akatazama sahani tena.

"Cha nkate," akasema.

Sahani ikashuka.