Mama Hakwenda Kibaigwa

Pu. Pu. Pu. Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, kama mtu anayeshindilia udongo.

"Hiyo ndiyo tiba?" nikamuuliza shemeji yangu Seleman. "Tumetoka mtaa wa Kikuyu na jua lote hili, mtoto aje kucheza?"

"Tulia, shemeji. Ukali wako hautamfungua mdomo."

Binti yake Yusra, wa miaka saba, hakuwa amesema neno tangu dada yangu Waridi, mama yake, alipofia hospitali akijifungua. Chakula kikitoka mkononi mwa baba yake, alikikataa. Shangazi zake walishakata shauri: asipopona, baba atanyang'anywa mtoto, apelekwe kwa bibi yake Kondoa.

Sisi wakubwa tulikuwa tumemwambia mama kapanda lori kwenda Kibaigwa kununua mahindi. Enzi hizo za ruksa ya biashara kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Nani angeshuku?

Mlango ukafunguka. Bi Dorkasi, mshauri wa watoto, akatuita kwa kidole. "Ingieni. Msiseme kitu."

Yusra alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la mchanga. Alikuwa amemviringisha mwanasesere kwa kitambaa cheupe, kisha akamlaza shimoni kwa ubavu wa kulia. Sasa alishindilia mchanga kwa ngumi.

Kwetu watoto hawaendi makaburini. Siku ya mazishi tulimwacha kwa jirani, Mama Zaidi. Nani alimfundisha kuzika?

"Huyu ni nani, Yusra?" akauliza Dorkasi.

"Mama."

Neno la kwanza.

"Nani kamfukia?"

Kidole kikamwelekea Seleman. "Baba. Niliwafuata nyuma. Nilimwona anaingia naye shimoni. Halafu akarudi nyumbani, akasema mama yuko Kibaigwa. Amemuua. Nikisema, atanifukia na mimi."

Seleman akashika ukuta.

"Baba Yusra, mwambie sasa," Dorkasi akasema. "Mimi siwezi kukusemea."

Seleman akapiga magoti sakafuni. "Mama alitokwa na damu nyingi, mwanangu. Madaktari walishindwa. Nilishuka naye kaburini kwa sababu mimi ni mumewe. Sikumuua."

"Mbona ulidanganya?"

"Niliogopa utalia."

"Nililia," akasema Yusra. "Kwa Mama Zaidi, chini ya kitanda." Akanigeukia. "Na wewe mjomba, ulijua?"

"Nilijua."

Akanitazama kama mtu asiyenifahamu. Kisha akajificha nyuma ya gauni la Dorkasi, mikono imejaa mchanga, jicho moja tu likimchungulia baba yake.

Seleman hakumvuta. "Kesho asubuhi nitakupeleka kwenye kaburi la mama," akasema. "Uniulize lolote, nami nitakujibu ukweli, hata kama utalia. Wallahi, Yusra, sitakudanganya tena."