Ghorofa Iliyorudi kwa Wenyewe

Namtanguliza Mola, Mwenye kukunjua riziki na kuizuia, kisha nawapanga watu kwa daraja zao: mama mzee mwenye kifua kibovu, mwanawe aliye seremala, mkaza mwana mwingi wa mzaha, na afisa mikopo wa benki.

Asubuhi hiyo seremala alikuwa akiupiga randa mlango. Vumbi la mbao lilijaa chumba cha chini, na kwa ajili ya vumbi hilo alikuwa amemjengea mama ghorofa ya juu, kwa mkopo. Benki ilimkopesha fedha za wageni, kwa sarafu ya wageni, maana riba yake ilikuwa nafuu. Redio ikatangaza kuwa riba imepanda kwao wageni, nao wanaziita fedha zao zirudi.

Ngazi za ghorofa ziliondoka kwanza. Kisha mabati, kisha matofali, moja baada ya jingine, yakaungana na ya nyumba nyingine kushika barabara ya uwanja wa ndege. Majirani walivuta viti vyao, wakayapisha.

Kitanda hakikwenda. Seremala alikichonga mwenyewe, kwa mbao za jasho lake, kabla ya mkopo. Kilibaki palepale hewani, na mama juu yake akivuta tasbihi.

"Mama, salama huko?"

"Salama, mwanangu. Upepo tu. Nirushieni shuka."

"Mama kapata chumba kisichotaka ufagio," akasema mkaza mwana. Kisha akaikunja shuka, akamrushia.

Adhuhuri akafika afisa.

"Poleni. Sarafu yetu imeanguka, kwa hiyo deni limekuwa maradufu."

"Deni la nini, bwana? Ghorofa si imerudi kwa wenyewe?" akauliza seremala.

"Ghorofa imerudi. Deni ni lako." Akainua macho. "Mwezi ukikosa kulipa, tutachukua kile kitanda."

"Na aliye juu yake?"

"Yeye hatumdai."

Seremala akaunda ngazi ya mbao, akapanda kumshusha mama.

"Huko chini kwenye vumbi nitakohoa roho yangu yote," akasema mama. "Niache. Wewe piga randa."

Naye hupiga randa. Kila jioni hupanda na uji, akaigusa miguu ya kitanda, mmoja mmoja. Mwisho wa mwezi ukikaribia, kitanda huanza kutikisika; akilipa, hutulia. Mawingu ya masika yameanza kukusanyika.

Ya Rabi, waliobaki chini wape riziki kabla mwezi haujaisha. Na aliye juu, mshike Wewe, usiyetaka dhamana.