Jile Inayotaka Kurudi Juu

Walisema jile za ndege, yale makoti ya kuelea majini, zinaua. Habari hiyo ililetwa mjini kwetu Baraka na mwanamke mmoja wa Kazimia, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akaimwaga sokoni kama alivyomwaga ndagala zake juu ya gunia. Jile ya ndege, alisema, haikushonewa maji. Kwao ni angani. Ukiingia nayo ziwani itataka kurudi juu, na itakwenda nawe, na haitauliza kama huko juu kuna njia. Boti moja ilipinduka upande wa kwao, na walioigeuza kesho yake walikuta watu wamebanwa kwenye mbao za sakafu, nyuso juu, kana kwamba walikuwa wanatafuta mbingu ndani ya ubao.

Sokoni watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikarudi nyumbani na bugali ukaniungulia. Nilisimama na mwiko mkononi, nikiwaona wale watu na nyuso zao. Toka siku ile, kila nilipomwogesha mtoto wangu Florentine ziwani, nilimshika mkono hata maji yakiwa ya magotini, naye akawa ananiuliza mama unaogopa nini, maji haya haya ya kila siku.

Jile zenyewe tulizijua wote. Zilitoka kwenye ndege ndogo iliyokosa uwanja juu huko milimani, nyuma ya Fizi, katika mwaka ule vita vya pili vilipoanza. Ilikuwa ya nani, ilibeba nini, kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema wote waliokuwa ndani walikufa. Wengine walisema rubani alitoka kwa miguu yake, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Lililo hakika ni kwamba ndege ilivuliwa kama kuku. Viti viwili vilishuka hadi Baraka, vikawekwa kwa kinyozi. Vikombe vya kupumulia vikageuka vya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa. Na jile, makoti ya njano yasiyo na mikono, yamekunjwa kama nepi, kila moja na kamba nyekundu kifuani: ukivuta, koti linajaa upepo lenyewe.

Jirani yangu Hawa alijipatia mkanda wa kiti. Aliufunga kiunoni juu ya kikwembe chake, na kila alipoufungua chuma kililia ta. Alikuwa anasema sasa ameolewa na rubani, mume wake wa kwanza atafute dawa. Hawa hakuwa na mtoto. Florentine alikuwa anakula kwake, analala kwake akitaka, na mimi nikimkaripia mtoto, Hawa alikuwa ananiambia nikaripie nusu yangu, ya kwake niiache.

Habari zilipokuja kwamba askari wameshuka tena kutoka milimani, na kwamba safari hii hawataishia barabarani, watu walianza kutafuta njia ya kuvuka kwenda Kigoma. Hawa alikuja uani kwangu na jile mbili. Moja yake, moja ya Florentine. Nilimwambia maneno ya yule mwanamke wa Kazimia, yote, mpaka nyuso na mbao. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, kisha akanijibu taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Mama Florentine, we unaogopa ata kivuli yako. Ile mama iko anauza samaki. Aliuza na hii habari."

Kwa kuwa sikunyamaza, tulimwita mwalimu Eugène, aliyekaa nyumba ya tatu na ambaye naye alikuwa amejipatia jile. Kifuani pa jile palikuwa na maandishi ya Kifaransa na picha ya mtu asiye na uso. Mimi nilisoma shule ya msingi tu. Herufi nilizitambua, maana ilinikimbia. Mwalimu aliyasoma kwa sauti ya darasani, akayatafsiri: msijaze upepo mkiwa ndani ya kabine.

Sasa kabine kwetu ni kitu kimoja. Ni kile chumba cha mbele cha kamiyo, yaani lori, anapokaa dereva, pamoja na mkubwa fulani, au padri, au mwenye mizigo. Wengine wote tunapanda nyuma, juu ya magunia, tunakula vumbi. Mtu akisema "alisafiri mu kabine," amekueleza maisha yake yote. Mwalimu mwenyewe aliangalia yale maandishi, akakuna shingo, akasema labda ni kwa sababu kule mbele rubani anahitaji nafasi ya kushika vyombo vyake.

"Basi ni maneno ya bakubwa," Hawa akasema. "Siye siku gani tulikaa mu kabine? Siye ni bantu ba juu ya mizigo."

Tulicheka sote, na mwalimu alicheka kuliko sisi. Ile ikawa mzaha wetu. Njia nzima ya kwenda Kazimia kwa miguu kutafuta boti, mtu akilemewa na mzigo, mwingine alimwambia aende akakae kabine. Nami nilicheka, lakini neno lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndani. Walisema msijaze ndani. Na yule mwanamke alisema haiulizi kama juu kuna njia. Sikujua maneno hayo mawili yanakutania wapi. Nilijua tu kwamba yanatembea upande mmoja.

Boti ilikuwa ya Yasini, ya mbao, yenye mota. Alitupanga chini, magoti kwenye kidevu, kisha akavuta shitingi, turubai la buluu, juu yetu wote, akaifunga mbele, nyuma na upande wa kulia, akaacha mdomo mmoja upande wa kushoto, tulipoingilia. Boti ya askari ikitazama kwa mbali ione mizigo ya chumvi. Alituomba tuwe kama mihogo ndani ya gunia: muhogo haukohoi.

Tuliondoka alfajiri. Jua lilipopanda, ule mwanga wa buluu ulitupaka wote rangi moja, hata ukimtazama mtu wako unaona kama amekwisha kufa zamani na hajaambiwa. Joto likawa la chungu kilichofunikwa. Florentine alikuwa katikati ya magoti yangu, jile imemning'inia mpaka mapajani. Hawa alikuwa upande wa ndani, mbali kidogo na ule mdomo, kwa sababu mimi, kwa woga wangu, niliomba nikae karibu na hewa, naye alinipisha akisema mwanamke huyu atatutapikia.

Upepo ulikuja kutoka upande wa rasi ya Ubwari. Kwanza mota ikabadilisha sauti. Kisha boti ikaanza kupanda na kushuka, ikipanda polepole na kushuka ghafla, na maji yakaingia kwa ule mdomo, mara moja, mara ya pili. Mtu akaanza kusali. Mwalimu Eugène akawa wa kwanza kuvuta kamba yake nyekundu. Jile ikalia kama nyoka aliyekanyagwa, ikajaa mpaka masikioni mwake. Baada yake wakavuta wengine waliokuwa nazo, mmoja baada ya mwingine, na ile sehemu ndogo tuliyokuwa nayo ikajaa mipira ya njano. Waliokwisha kuvuta walitulia. Niliwaona wanatulia. Wale watu walikuwa wamepata kitu, na mtoto wangu alikuwa amebaki hana.

Florentine akashika kamba yake. Nikaufunika mkono wake kwa wangu.

"Niachie, Mama. Mi njo peke yangu bila upepo."

Nikamwambia angojee. Akaniuliza angojee nini. Nikamwambia, "Ngojea inje," na mimi mwenyewe sikujua neno hilo, nje, limetoka wapi. Alilia, akapiga miguu, kisha akainama akauma mkono wangu, kwenye mfupa wa kidole gumba, kwa meno yote. Sikuachia. Nilihisi damu, na sikuachia. Watu walinitazama kwa hasira. Mama gani huyu anayemnyima mtoto kitu kilicho kifuani pake?

Hawa alikuwa amevimba kwa jile yake mpaka kidevu kikaelekea juu. Alinyoosha mkono wake, akamgusa mtoto shavuni, akacheka kicheko chake cha uani.

"Mwachie mutoto, Mama Florentine. Siye tuko mu kabine?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Boti ilipopinduka haikupiga kelele. Iligeuka kama mtu anavyogeuka kitandani. Kilichokuwa sakafu kikawa dari, shitingi ikawa chini yetu, na sote tukawa ndani ya kitu kilichofungwa, maji yamejaa, miguu ya watu kila mahali. Nilifumbua macho. Giza lilikuwa juu, ule mwanga wa buluu ulikuwa chini, kwenye ule mdomo. Nimezaliwa kando ya ziwa. Tangu utoto nilijua kwamba mtu akizama hufuata mwanga, na mwanga uko juu. Siku ile ulikuwa chini. Nikashika ubao wa kukalia kwa mkono mmoja, nikamvuta Florentine kwa ule mwingine, tukashuka. Alikuja mwepesi kama nguo, kwa kuwa hakuwa na upepo. Pembeni yetu niliona njano zinapanda. Zilipanda zote pamoja, polepole, zikaenda kujibana kwenye mbao.

Tukapita mdomo. Tukatokea kwenye jua na mawimbi. Hapo ndipo nilipovuta kamba nyekundu ya mtoto wangu. Jile ikalia, ikajaa, ikamnyanyua kichwa nje ya maji, akakohoa. Huko juu kulikuwa na njia.

Yasini alikuwa amekwisha kupanda juu ya tumbo la boti, yeye na wengine wachache waliokuwa nje karibu na mota. Walitushika. Nililala kifudifudi juu ya ule ubao, mtoto chini ya mkono wangu, sikio langu kwenye mbao.

Ta.

Nilidhani ni msumari unalegea. Ta, tena. Chuma juu ya ubao, chini ya sikio langu hasa. Nilikijua kile chuma. Nilikuwa nikikisikia kila jioni uani, ukifunguliwa ule mkanda wa mke wa rubani.

Nilimwambia Yasini kwamba Hawa yuko hapa, kiganja changu kiko juu yake, kati yetu ni ubao tu. Yasini hakuuliza swali. Alizama. Alikaa, akatoka, akavuta hewa, akazama tena. Mara ya mwisho alipotoka alishika ukingo wa boti, hakuweza kupanda, na alipozungumza alizungumza nami tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba msamaha kwa mkwe wake.

"Nilimushika muguu, mama. Mi nikivuta chini, jile inavuta juu. Imenishinda."

Ta, ilisikika. Baadaye tena, ta, lakini kama mtu anayefikiri jambo jingine. Florentine aliniuliza nani anabisha. Nikamwambia ni maji. Kisha ikawa ni maji kweli.

Wavuvi wa Ubwari walituona kwa sababu ya ile jile ya njano ya mtoto. Walituchukua, na wengine wao wakabaki kuigeuza boti. Sikutazama. Lakini mmoja wao, jioni, akiongea na mwenzake na hakujua nimekaa nyuma yake, alisema wote walikuwa na nyuso juu.

Miaka imepita. Florentine sasa ni mtu mzima, anafanya kazi, na mwaka jana kazi ilimpandisha ndege kwa mara ya kwanza, kutoka Goma kwenda Kinshasa. Nilikuwa nimemkataza, watoto wakubwa hawakatazwi. Alipofika alinipigia simu. Alisema kabla ya kuruka msichana mmoja mwenye kofia alisimama kati ya viti, akavaa jile ya njano, akaonyesha kwa vidole namna ya kufunga mkanda na mahali penye milango. Akaonyesha kamba nyekundu. Akasema usivute mpaka uwe umefika mlangoni, unatoka. Watu walikuwa wanatazama simu zao. Mzee aliyekaa pembeni yake alikuwa amelala.

"Nilimuuliza kabine iko wapi," Florentine akaniambia. "Alinionyesha kwa mukono fasi yote. Kabine njo ndani, Mama. Njo fasi yote yenye bantu banakaa."

Mahali pote wanapokaa watu, nikayarudia maneno yake. Nilimsikia anapumua huko Kinshasa. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono ule ule, wenye alama za meno madogo kwenye mfupa wa kidole gumba, nusu duara, kama mwezi mchanga.

Boti bado zinavuka. Vita vinarudi na majina mengine, na shitingi bado ni za buluu. Kwa hiyo wewe mama unayevuka na mtoto, haya uyaepuke.

Usikae mbali na mdomo wa boti, hata wakikucheka.

Usikubali shitingi ifungwe pande zote.

Usinunue jile ambayo mtu amekwisha kuivuta sokoni ili akuonyeshe. Upepo wake ni wa mara moja.

Usivute kamba ukiwa ndani. Ndani ni popote penye kitu juu ya kichwa chako.

Usidharau neno kwa sababu limetoka kwa muuza samaki, wala usidhani onyo limeandikiwa wakubwa tu.

Usifuate wengine kwa kuwa wametulia.

Na mtoto akikuuma, usiachie.