Mkono wa Mkurugenzi

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mkurugenzi alitia sahihi barua ya kukasimu madaraka, akafunika kalamu, kisha akaufungua mkono wake wa kulia kwenye kifundo, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa ya chai. Akauweka juu ya barua na kumwita karani wa ununuzi.

"Dada, kuanzia leo manunuzi yote makubwa upelekee mkono huu. Mimi nina vikao."

Karani aliupokea kwa heshima, maana ulikuwa wa bosi. Ulikuwa na joto bado, na pete. Mwanasheria wa idara alikuwa ameshapekua kanuni, akaona zinataka sahihi ya mkurugenzi tu. Hakuna kifungu kinachomtaka yeye mwenyewe awepo inapotiwa. Mkono ukatafutiwa meza karibu na dirisha, trei mbili na mto mdogo. Siku ya kwanza mhudumu aliuwekea chai, akaikuta imepoa haijaguswa, hakujisumbua tena.

Tusiunyime haki yake: mkono ulikuwa mchapakazi kuliko mwenyewe. Haukuchelewa kazini, haukwenda safari, haukusinzia kwenye vikao. Haukuwa na macho, ni kweli, lakini katika idara ile hiyo haikuwa kasoro. Wenye macho nao walikuwa hawasomi.

Faili kubwa la kwanza lilihusu mashine sita za kusafisha damu za hospitali kuu. Karani alilijua vizuri mno. Kaka yake, mwalimu mstaafu aliyemlea tangu baba yao afariki, alikuwa mgonjwa wa figo, analazwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na mashine zilizobaki nzima hospitalini zilikuwa mbili. Ndani ya faili, fundi wa hospitali alikuwa ameacha dokezo la mistari minne: mashine za mzabuni huyu zinahitaji mtambo wa kuchuja maji, mtambo haumo kwenye zabuni, na bila huo hazitafanya kazi hata siku moja. Zisinunuliwe.

Karani alipanda nalo ghorofa ya juu. Mkurugenzi alikuwa anafungua semina, anakata keki kwa mkono wa kushoto.

"Mzee, naomba usome dokezo la fundi."

"Si nimeshakasimu? Uonyeshe mkono."

"Mkono hausomi, mzee."

"Basi usomee."

Akashuka, akavuta kiti, akausomea mkono dokezo lote kwa sauti. Alipofika kwenye "zisinunuliwe" alirudia mara mbili. Mkono ulitulia, vidole vimekunjwa, ungedhani unawaza. Kisha ukachukua kalamu na kutia sahihi safi yenye mkia mrefu.

Mashine zilikuja, zikapangwa kwenye korido, na wauguzi wakapata pa kutundikia makoti. Kamati ya usimamizi, watu watano wazima wenye shahada na tai, ikauita mkono kuuhoji.

"Ulisoma dokezo la fundi?" aliuliza mwenyekiti.

Mkono ulinyamaza.

"Uliona kasoro yoyote?"

Ukanyamaza. Katibu aliandika kwenye muhtasari kwamba shahidi hakuwa na pingamizi. Mkurugenzi alipoitwa alieleza kwamba siku ile yeye hakuwepo kwenye meza ile, akatoa barua yake, na kamati ikaridhika kabisa. Mkono ukapewa karipio la maandishi, nao ukasaini kuthibitisha kwamba umelipokea. Hakuna aliyecheka. Watu wa aina hiyo hawacheki, wanaahirisha kikao wakanywe soda.

Mwezi uliofuata moja ya zile mashine mbili ikafa. Zamu za kaka yake karani zikapunguzwa kutoka tatu hadi moja kwa wiki. Alivimba miguu, halafu uso.

"Mdogo wangu, zile mpya zinawashwa lini?"

"Bado kidogo, kaka."

Alimdanganya na iliuma kumdanganya. Kaka yake alifariki Alhamisi asubuhi, akisubiri zamu ya Jumamosi.

Karani aliporudi kazini baada ya mazishi, alikuta barua ya rambirambi kwa mtumishi aliyefiwa bado haijaandikwa. Kuandika barua za idara ilikuwa kazi yake, akaiandika. "Idara imepokea kwa masikitiko makubwa." Akaiweka kwenye trei. Mkono ukaisaini, ukampigapiga begani taratibu, kumpa pole, kisha ukanyoosha vidole kudai faili jingine.

Lilikuwa la majokofu ya chanjo. Dokezo la fundi lilikuwa limebanwa kwa juu, refu safari hii, na limepigiwa mstari. Karani alilifunua bila kulisoma, akaufungulia mkono ukurasa wa sahihi.