Anayeua Miti ya Korongo la Corrigan

Miti-nyasi ya Korongo la Corrigan ilikuwa inakufa, na Lindsay Tuckwell alishaamua ni nani anayeiua. Ni shemeji yake.

Ulianza mmoja, Januari, ule mkubwa uliokuwa kando ya jiwe bapa. Majani yake, membamba na marefu kama nywele za kikongwe asiyechana, yaligeuka manjano, kisha kahawia, kisha mti mzima ukalala ubavu kama mlevi. Ukiugusa shina linameguka kama mkate wa juzi. Mti ule ulisimama pale kabla mji wao wa Burrabeg haujapata hata jina, kwa sababu mti-nyasi haukui, unajikongoja. Anayeupanda hatauona ukimfikia kiunoni. Kabla mwezi haujaisha jirani zake nao wakaanza kunyauka, mmoja baada ya mwingine.

Lindsay alikuwa fundi bomba, mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mikono minene. Jabali la Corrigan alianza kulikwea akiwa bado anakula kwa mama yake. Sasa alikuwa kiongozi wa watu wa kujitolea, waliokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kurekebisha kile ambacho wakweaji, yeye akiwa wa kwanza, walikiharibu kwa viatu vyao. Korongo ndilo lililokuwa njia ya mkato ya kufika kwenye ukuta wa jabali wanaoukwea. Miguu ya watu iliichimba njia hiyo hadi ikawa mtaro, mvua ikamaliza kazi. Ofisi ya hifadhi ikawaambia wazi: korongo lisipopona, jabali zima litafungwa. Kila ukuta, kwa kila mtu.

Basi wakapiga kura kulifunga korongo. Wakaweka magogo mdomoni mwake, wakajenga ngazi za mawe upande wa pili, jiwe kwa jiwe, kwa mtaimbo na mgongo, na ndani ya korongo wakapanda miche ya vichaka vya pale pale, kila mche na mfuko wake wa plastiki wa kuukinga.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Kelvin Drozd, mume wa Noelene, dada yake Lindsay. Njia nzuri za kukwea za ndani ya korongo alizifungua yeye ujanani, Lindsay akiwa chini ameshika kamba. Kwenye mkutano alisema wanafunga nyumba huku wenyewe wamo ndani. Akashindwa kura. Tangu siku hiyo akawa hakosi Jumamosi hata moja, anabeba mawe kama punda na kutania watu.

Hilo ndilo lililomkera Lindsay. Mtu akishindwa akapiga kelele, unajua alipo. Akishindwa kisha akashika sululu na kucheka, huyo amekwenda kujificha mahali.

Langoni kulikuwa na sanduku, na ndani yake brashi na chupa ya kupulizia spiriti. Hakuna kuingia bila kusugua soli za viatu, maana kuna ugonjwa wa kuozesha mizizi unaosafiri kwenye tope. Sanduku alilitengeneza Lindsay mwenyewe, na kibao akakiandika mwenyewe: HAKUNA MKUBWA HAPA. SUGUA. Jumamosi alisimama kando yake kama bawabu wa baa.

"Shemeji, nivue na soksi?" Kelvin alikuwa akimuuliza kila mara, mguu juu.

"Vua na mdomo."

Na Kelvin alisugua. Lindsay alimhesabia.

Miche waliipanda Mei, mwaka mmoja kabla ya miti-nyasi kuanza kufa. Juni, miche kadhaa ikakutwa imeng'olewa, mizizi juu, mifuko imetupwa huku na huku. Noelene alisema labda ni upepo. Lindsay akamwambia upepo haung'oi mche ulio ndani ya mfuko uliochomekewa vijiti vitatu. Wiki iliyofuata akaona kitu kibaya zaidi: alama za unga wa chaki kwenye ukuta wa korongo lililofungwa, nyeupe, mbichi, unga ule wanaojipaka wakweaji mikononi. Ziko juu, mahali ambapo mgeni hajui pa kushika. Waliopajua walikuwa wawili. Mmoja alikuwa yeye.

Akaanza kuvizia.

Tatizo lilikuwa lango. Nyumba ya Kelvin na Noelene iko pale pale, dirisha la jikoni linatazama maegesho. Ukipita langoni umeonekana, na ukionekana utakaribishwa chai. Lindsay akatumia mlango wa nyuma. Majira yale ya baridi alikuwa anafukia mabomba ya maji taka kwenye nyumba moja huko bondeni kwa Vandenberg, kwenye kichaka chenye majimaji, anachimba akiwa ndani ya tope mpaka kwenye vifundo. Jioni kabla giza halijaingia, akitoka kazini, aliegesha pikapu nyuma ya jabali, akaruka uzio wa seng'enge, akateremka katikati ya miti-nyasi mpaka kwenye jiwe bapa, lile walilokuwa wakikalia na Kelvin ujanani. Hapo akaketi, kola imepandishwa, akitazama ukuta.

Alifanya hivyo majira yote ya baridi. Hakumkamata mtu. Kasuku weupe tu walimpigia kelele kutoka juu ya jabali, kana kwamba wao ndio wenye hati ya mahali pale. Kila aliporudi nyumbani mikono mitupu, badala ya shaka kupungua iliongezeka. Kama haji ninapokuwepo, alijiambia, basi anajua ninapokuwepo. Akaanza kumchunguza Noelene naye, eti anamwambia nini mumewe. Akikaribishwa chakula cha Jumapili anahesabu Kelvin ametaja korongo mara ngapi, na asipolitaja, anajiuliza kwa nini halitaji.

Miti-nyasi ilipoanza kufa, kila kitu kikakaa mahali pake. Ni nani katika kundi zima aliyepewa pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa ya magugu? Kelvin. Ni nani anayetaka korongo lisipone, ili watu waseme kura ile ilikuwa upuuzi? Kikulacho ki nguoni mwako. Lindsay alilala na neno hilo na kuamka nalo.

Jumamosi ya kwanza ya Februari alikuja ofisa wa hifadhi, Thuy Lam, mwanamke mkimya mwenye kofia pana. Alizunguka kwenye miti iliyokufa, akaifunga utepe wa pinki mmoja mmoja, akakata vipande vya mizizi, akachota udongo akautia mifukoni. Lindsay akamuuliza kama ni sumu. Akasema hasemi kitu mpaka maabara iseme, akaondoka na mifuko yake.

Lindsay hakusubiri maabara.

Watu walikuwa wameketi chini ya mkaratusi wa langoni wakinywa chai, Noelene anakata keki ya tangawizi. Kelvin alikuwa amelaza pampu miguuni.

"Kelvin. Desemba ulijaza nini kwenye hiyo pampu?"

"Bia," Kelvin akasema. "Huoni magugu yanavyolala?"

Watu wakacheka. Lindsay hakucheka, na kicheko kikaisha vibaya.

"Nakuuliza mbele ya watu. Umepuliza nini korongoni?"

"Korongoni sijapuliza kitu. Nimepuliza vichaka vya miiba vya upande wa kusini, kama mlivyonituma."

"Lakini korongoni umeingia."

Kelvin akatazama ndani ya kikombe chake. Noelene aliacha kisu katikati ya keki.

"Nimeingia," Kelvin akasema.

"Unga wa chaki ni wako."

"Ni wangu."

Lindsay akawageukia wenzake, mikono imefunguka, kama mtu aliyemaliza kesi. Kelvin akainuka bila haraka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na kopo la zamani la kahawa. Akalimimina mezani, kando ya keki. Zilikuwa bolti, zimekula kutu, vichwa vimekatwa kwa msumeno. Bolti za korongo, zile walizozipigilia wawili ukutani walipokuwa vijana, ambazo mkweaji hufungia kamba.

Akaeleza kwa maneno machache. Alikuwa akijiteremsha kwa kamba kutoka juu ya jabali, saa za asubuhi Lindsay akiwa kazini, akining'inia, mguu haugusi ardhi. Alizikata bolti zote na kuziba matundu kwa saruji na mchanga wa jabali lile lile, ili asibaki mtu mwenye sababu ya kuingia korongoni. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameshindwa kura, na hakutaka wamwone Drozd amepiga magoti.

"Nilipozitia wewe ndiye uliyenishikia kamba, Lindsay," akasema. "Nilitaka kuzitoa mwenyewe."

Pale ndipo pa kunyamaza. Mtu mwingine yeyote angekohoa, angeomba kipande cha keki, yangekwisha. Lakini shaka iliyolishwa majira mazima ya baridi haitoki kwa kuonyeshwa kopo.

"Mtu anaweza kukata bolti asubuhi na kumwaga sumu jioni," Lindsay akasema.

Kelvin akaichukua pampu, akaiweka mezani juu ya bolti.

"Ipeleke ikapimwe. Na ile brashi yako ya viatu nayo kapime. Utakuta udongo wangu wa kila Jumamosi."

Akaenda zake. Noelene akaifunika keki ambayo nusu ilikuwa haijakatwa. Akamwambia kaka yake kwamba chupa ya chai abaki nayo, hatakuja kuichukua.

Majibu yalirudi mwisho wa mwezi. Thuy Lam hakuyasema kwenye simu. Alimwomba Lindsay wapande pamoja juu ya jabali, wakapanda kwa ngazi mpya za mawe, na juu kabisa akasimama ukingoni.

Akasema hakuna sumu. Si kwenye mizizi, si kwenye udongo, si kwenye pampu. Ni ugonjwa wa kuoza mizizi, ule ule ambao sanduku la langoni liliwekwa kuuzuia. Ukishaingia ardhini hautoki. Kilichobaki ni kuuzuia usitoke hapo kwenda kwingine.

Lindsay akasema basi kuna mtu hakusugua viatu. Mdomo wake ulikuwa bado unatafuta jina.

"Tazama chini," Thuy akasema.

Akatazama. Kutoka juu tepe za pinki zilionekana vizuri. Hazikutawanyika. Zilijipanga. Hazikuanzia langoni, wala chini ya ukuta alikoning'inia Kelvin. Zilianzia kwenye uzio wa nyuma, zikateremka katikati ya korongo, zikakunja pale pa kukunja, zikaishia kwenye jiwe bapa. Ungedhani mtu ameziburuta kwa kamba.

Walipokuwa wamesimama pale kasuku weupe wakashuka korongoni. Mmoja akaukamata mfuko wa mche kwa mdomo, akautikisa, akaung'oa pamoja na kijiti, akautupa. Akaung'oa mche nao, akautazama, akautupa pia. Akaenda kwenye wa pili. Thuy akasema kila mahali wanapopanda miche ndege hao huichezea hivyo hivyo, dawa yake ni vijiti virefu zaidi. Kwake lilikuwa jambo dogo.

"Nani huruka uzio wa nyuma?" akauliza.

Lindsay angeweza kusema kangaruu. Angeweza kusema wawindaji wa sungura. Aliviona viatu vyake, tope kavu la bondeni limeshika kwenye mishono.

"Mimi."

"Mara moja?"

"Baridi yote. Kila nikitoka kazini."

"Kazi wapi?"

"Chini kwa Vandenberg. Kwenye majimaji."

"Huko kuna miti iliyokufa?"

Ilikuwepo. Alikuwa ameiona kila siku, imesimama mikavu kuzunguka mtaro wake, akadhani imezidiwa na maji. Akaitikia kwa kichwa.

Thuy hakumuuliza kama alisugua. Sanduku lilikuwa langoni.

Jioni ile Lindsay alitoka kwa kupita langoni, si uzio wa nyuma. Alisugua viatu, akapuliza spiriti mpaka ikadondoka, ingawa alikuwa anatoka, haingii. Kisha akabisha mlango wa Kelvin. Alisema yote akiwa kizingitini, kofia mkononi, hakukaribishwa ndani. Kelvin alisikiliza mpaka mwisho.

"Umenivizia baridi nzima," akasema.

"Ndiyo."

"Ukiwa umekalia lile jiwe letu."

"Ndiyo."

"Nimesikia," Kelvin akasema, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Aprili ofisi ya hifadhi ililifunga jabali lote, ukuta hadi ukuta, na kuzungusha waya. Ngazi za mawe ziko ndani ya waya, zinapanda vizuri, hazina wa kuzipanda. Kundi lilivunjika, wengine walihamia kwenye jabali la mji wa pili, na huko hawakumwalika. Sanduku la brashi wameling'oa, kibao kimo kwenye pikapu yake chini ya mabomba.

Gharama yake ni hii. Miti-nyasi thelathini na mmoja hadi baridi iliyofuata, na mingine imeanza kugeuka manjano. Jumamosi za miaka sita za watu kumi na wanane. Jabali moja. Dada mmoja, asiyepokea simu. Shemeji mmoja, ambaye hakuna mwingine aliyewahi kumshikia kamba.