Usukani wa Gari la Maji

Kisima cha Kotile, malishoni kwetu, kilikuwa kimekauka, na mbuzi wetu waliishi kwa maji ambayo mwanangu Olow aliwapelekea kwa pikapu, ndani ya mapipa ya bluu. Siku ile ilikuwa lazima wanywe kabla jua halijatua. Lakini usukani ulikuwa unacheza: unauzungusha upana wa kiganja kizima, magurudumu hayana habari. Na maji si kama magunia. Yakiyumba pipani, yanavuta gari yanakotaka.

"Hooyo, mama yangu, nitaenda polepole tu," Olow akasema.

"Basi utaanguka polepole. Mwite Mutuku."

Mutuku, fundi wetu wa hapa mtaani Waberi, Mkamba mwenye maneno mengi, aliinua pua ya gari kwa jeki, akalala juu ya gunia, akatingisha magurudumu. "Ayeeyo," akaniita bibi kama wanavyoniita wote, "huku chini hakuna kibovu. Nakaza boksi ya stelingi, hii ya usukani, basi." Akakaza. Kweli usukani uliacha kucheza, lakini ukawa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Olow akiukunja, haurudi.

"Legeza," nikamwambia. "Halafu shusha gari."

"Likiwa chini nitaona nini?"

"Ngamia akichechemea, unamchunguza amelala? Unamsimamisha na mzigo wake, ndipo mguu useme."

Olow akacheka. "Leo gari limekuwa ngamia!"

"Ngamia hacheki ovyo. Jaza mapipa, wewe."

Mapipa yakajaa, gari likadidimia kwa uzito. Nikakaa mwenyewe kwenye kiti cha dereva, nikautingisha usukani kushoto, kulia, kidogo kidogo. Mutuku akawa anapapasa kiungo kimoja kimoja. Olow alitaka kunipokea, nikakataa. Yeye ana pupa.

"Rudia, Ayeeyo! Tena! Huyu hapa, anarukaruka mkononi kama chura!"

Kilikuwa kiungo cha chuma kinachosukuma gurudumu la kushoto. Nje kinang'aa grisi, ndani kimelika chote. Olow akakimbilia kipya dukani. Mutuku akakikaza kwa idadi ile ile ya mizunguko aliyohesabu akitoa cha zamani, gurudumu lisije likakaa upande. Nilipogusa usukani, gurudumu likaitika papo hapo.

Nikapanda kando ya Olow, tukaondoka. Kwenye makorongo maji yaligonga mapipa, gari halikutoka kwenye mstari. Kotile tulimkuta Shuaib, mchungaji wetu, kazingirwa na mbuzi wanaolia.

"Assalamu alaikum, Shuaib."

"Salamu baadaye, Ayeeyo. Fungua maji!"

Jua lilikuwa bado juu ya miti ya miiba. Mbuzi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.