Sababu ya Kutoa Fedha

...za nini, anauliza za nini, utadhani ni zake, na kile kipaza sauti cha kwenye kioo, kilichowekwa bila shaka kwa ajili ya wazee wasiosikia, kinalichukua swali la binti wa benki na kulimwaga ukumbi mzima, "Baba, kiasi hiki cha taslimu ni kikubwa, kanuni inataka tujaze sababu na tuone karatasi, za nini?", na karani anang'ang'ania ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, karani wa mapokezi wa hospitali, mtu wa miaka ishirini na sita kazini, ambaye wiki ya tatu sasa hawezi kukaa, anakula wima, anasikiliza redio wima, kazini amewaambia wenzake kwamba kusimama kunaimarisha moyo na wawili wameshaanza kusimama naye, wajinga wale... za nini! Pesa zangu, angependa kusema, nimezitia humu kidogo kidogo na hakuna siku mliyoniuliza zimetoka wapi, kuingiza ni karibu mzee karibu, kutoa ni kesi, lakini hasemi, anatabasamu, maana karatasi anayo, imo mfukoni mwa shati, barua ya daktari wa upasuaji, na katikati ya barua, kwa herufi kubwa, mstari umepigwa chini, neno moja, BAWASIRI, daktari mzima na shule zake zote anaandika kama anatangaza mnada.

"Ungehamisha tu, baba," binti anasema, "kuhamisha hatuulizi mengi," ndiyo, mwanangu, ni rahisi, ila ukihamisha ujumbe unaingia kwenye simu, na simu yake husomwa na mkewe, si kwa ubaya, tangu miwani yangu ivunjike mama wa watu ndiye msomaji wa nyumba, tena husoma kwa sauti ya taarifa ya habari, kiasi, saa, salio, na jina la aliyepokea, KLINIKI YA NJIA YA HAJA KUBWA, nani alikaa chini akaipa kliniki jina hilo, si wangeiita Matumaini, si wangeiita Faraja kama wenzao, na mkewe akijua, dada wa mkewe amejua, na dada wa mkewe akijua... "Shemeji!" Usigeuke. "Shemeji, nilisema mgongo huu naujua!" Amegeuka. Ndiye, mtu wa nne kwenye foleni, dada wa mkewe mwenyewe, ambaye ukoo mzima humwita Tangazo, na yeye hulipenda jina, "Mbona umesimama kama umefungwa ubao? Mlinzi! Mpe mzee kiti!" na mlinzi, mtu mwema, Mungu amsamehe, anakuja nacho mbio, kiti cha mbao, kigumu, hakina hata kitambaa. "Kaa, mzee wangu, mpaka meneja aidhinishe itachukua muda." "Ahsante, nimekaa sana leo." "Kaa bwana, usione haya." "Sioni haya." Anaona haya mpaka masikio yamemwaka, na mlinzi amekiacha kiti hapo hapo, kinamgusa nyuma ya goti.

Sema ada, ada ya nani, kitinda mimba ana miaka thelathini na kitambi, na binti atataka barua ya shule, sema ujenzi, atataka makadirio ya fundi, sema msiba... hapana, Tangazo yuko pale, atauliza nani, utamuua nani mbele yake, ukoo wote anao kichwani mpaka walio tumboni... uongo wote unadai karatasi ambazo hana, ukweli peke yake ndio wenye karatasi. Na pesa lazima zitoke leo, daktari amemwambia wazi, kesho asubuhi au mwezi ujao, na mwezi ujao hatafika, au atafika akitembea kama bata. "Baba? Za nini?" Na kwa nini asitibiwe kule kwake, bure, kwa kadi ya mfanyakazi? Usiulize, anajua, kule kuna dirisha la mapokezi, na dirishani yuko kijana wake wa zamu, na kijana angeuliza kwa sauti, "Unaumwa nini, wapi hasa?", kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni nani... sauti, wanangu, sauti, mgonjwa akijificha daktari afanye nini... yeye huyo, kwa mdomo wake huu, na benchi zima likitega masikio.

Kama siku ile ya mwalimu wa hesabu, mrefu yule, mwenye mwandiko wa kuvutia, aliinama mpaka paji likagusa dirisha, "Nina tatizo... la binafsi," na karani akajibu, alikuwa na furaha siku hiyo sijui ya nini, "La binafsi la wapi? Sema nisikie, mwalimu, hapa hatung'ati watu!" na benchi likacheka, wagonjwa kabisa, wenye homa zao, wakacheka, na mwalimu akasema, "Kichwa." Akamwandikia kichwa. Akapewa dawa za kichwa, mwezi wa pili akarudi, kichwa, mwezi wa tatu wakamleta kwa machela, amelala kifudifudi, na ndipo ikajulikana kichwa kilikuwa upande gani, na jioni ile karani alikisimulia kisa hicho mezani, akiigiza mpaka ule mguno, watu wakashika mbavu, Tangazo akalia machozi... ee Mungu wangu, nilikiigiza. Hakupata kukiona kuwa si kichekesho mpaka sasa hivi, hapa, kiti kikimgusa goti, na aibu inayompanda si ile ya bawasiri, hiyo ameshaizoea.

"Samahani, baba." Binti amebonyeza kitu, kipaza sauti kimezimika, ameinama kwenye kitundu cha chini anakopitishia pesa, na kupitia hapo anasukuma kikaratasi, kipande cha fomu ya zamani alichochana sasa hivi, na kalamu juu yake. "Si lazima useme. Andika tu, nitasoma mwenyewe, na hati yako nitaikunja hivyo hivyo nimpelekee meneja." Karani ameishika kalamu, hajaandika, foleni inakohoa, "Unaandika nini, shemeji?" Tangazo anauliza, shingo imeshatoka, na karani anakitazama kikaratasi, kidogo hivi, kiganja kinakifunika, kumbe ndicho tu kilichotakiwa, wala hakuna aliyemwambia binti huyu, amechana tu, na mimi dirishani kwangu karatasi zilijaa droo nzima, penseli ilikuwa sikioni miaka yote, ningempa, angeandika kwa mwandiko wake ule, neno moja, na mwalimu angetibiwa siku ile ile...